Una taifodi? Nani kakwambia?

Hebu fanya kautafiti kadogo kijiweni kwenu. Waulize washikaji kumi: nani kati yenu hajawahi kuambiwa ana taifodi? Sitashangaa ukikosa hata mmoja wa kunyoosha mkono. Mjini hapa taifodi imekuwa kama namba ya simu, kila mtu anayo ya kwake.

Ukiamka kichwa kinagonga, taifodi. Ukikosa hamu ya kula, taifodi. Umekesha kwenye muziki Jumamosi, Jumapili viungo vyote vinalalamika, bado ni taifodi! Na kwa upande wa akina dada kuna pacha wake anaitwa U.T.I. Hawa wawili wanatembea kwenye karatasi moja ya maabara kama wapenzi wapya. Anayepimwa mmoja huambiwa na mwingine yupo.

Zamani kesi zote zilikuwa zinamwangukia malaria. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati ya uchochoroni, na kikisema hakuna, ujue hakuna. Tatizo ni kwamba mgonjwa hataki kurudi nyumbani mikono mitupu, na muuza dawa naye hapendi kumwona mteja akiondoka hivyo hivyo. Basi inatafutwa kesi nyingine, na aliye karibu ni taifodi.

Msomaji wangu, leo nataka nimtetee taifodi. Sisemi ni mwema, la hasha! Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua ugonjwa huu, na 110,000 wakafa. Huyo ni muuaji, hakuna ubishi. Ninachosema ni kwamba muuaji huyu anajificha vizuri sana pale kila mtaa unapojaa watuhumiwa wa kusingiziwa. Na ili umkamate yeye mwenyewe, sharti kwanza uujue ukoo anaotoka.

UKOO WENYEWE NI HUU

Ndani ya tumbo lako, hivi hivi unavyosoma, kuna mji uliojaa kuliko Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Wakazi wake ni bakteria, viumbe wadogo ambao bila hadubini huwaoni ng'o. Koo zao ni nyingi, ila mmoja ndio unaopenda sana kutajwa kwenye vyeti vya hospitali. Wataalamu wanauita Enterobakteria, yaani bakteria wa utumbo, jina lililotolewa na Otto Rahn mwaka 1937. Umbo lao ni kijiti kifupi, wengi wana mikia ya kuogelea, na wanaweza kuishi penye hewa na pasipo hewa. Ndiyo maana tumboni wanatesa, na wakitoka nje pia wanavumilia.

Mwanaukoo maarufu kuliko wote ni E. coli. Aliyemtambua ni daktari wa watoto, Theodor Escherich, mjini Munich mwaka 1885, wakati akichunguza kinyesi cha watoto wachanga. Kazi ya kuchungulia nepi ndiyo iliyompa jina lisilokufa, maana ile herufi E ni ya kwake.

E. coli akipata chakula na joto zuri, mmoja anagawanyika kuwa wawili kwa dakika 20 tu. Piga hesabu mwenyewe. Sufuria la maharage limesahauliwa mezani saa saba mchana, mmoja kaingia. Mambo yakimnyookea, saa mbili usiku unaporudi na njaa yako, wameshapita milioni 2! Hawajapiga hodi wala hawajabadilisha ladha.

Lakini usianze kumchukia. Wengi wa hawa E. coli ni raia wema kabisa. Wanafika tumboni mwa mtoto siku za mwanzo mwanzo za maisha yake, wanakalia viti vyote ili majambazi wakija wakose pa kukaa, na wanachangia kutengeneza vitamini K inayosaidia damu kuganda. Mwaka 1978 wanasayansi wa California walimfundisha kazi nyingine, kutengeneza insulini ya binadamu. Insulini hiyo ikaruhusiwa kutumika hospitalini mwaka 1982, na wagonjwa wa kisukari duniani wamekuwa wakiitumia tangu hapo. Kwa hiyo yule anayeitwa mdudu wa chooni amewaokoa mashangazi na wajomba zetu wengi tu.

Ndugu zake wengine ni salmonela, ambaye ndani ya nyumba yake ndimo anamokaa taifodi. Shigela, mzee wa kuhara damu. Na klebsiela, anayependa kuvamia wagonjwa waliolazwa na watoto njiti. Hata mdudu wa tauni, ule ugonjwa wa viroboto na panya uliowahangaisha wenzetu wa Lushoto kuanzia mwaka 1980, alihesabiwa ndani ya ukoo huu kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016 wataalamu walipoupanga upya na kumhamishia ukoo wa jirani. Kipindupindu, hata kama naye anapita njia ileile ya maji na mikono michafu, si wa nyumba hii. Msimchanganye.

WALIOASI NYUMBANI

Sasa kama ukoo una raia wema, ugonjwa unatoka wapi? Unatoka sehemu mbili. Ama mwema kaingia chumba kisicho chake, ama jambazi wa kweli kaingia mjini.

Mfano wa kwanza ndiyo hiyo U.T.I. inayosumbua akina dada. Mara nyingi mhusika ni E. coli yule yule wa tumboni, ambaye nyumbani kwake hana neno na mtu. Shida inaanza akishapenya kwenye njia ya mkojo. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi na mlango wake uko jirani na wa haja kubwa, ndiyo maana dada zetu wanaumwa zaidi kuliko sisi. Hapo hakuna uchawi, hakuna choo cha kulaaniwa, wala si lazima uanze kumshuku mpenzi wako na kuvunja uchumba.

Mfano wa pili ni majambazi. Mwaka 1897 Japani ilikumbwa na wimbi la kuhara damu, na daktari kijana aitwaye Kiyoshi Shiga akamnasa mhusika, ndiyo maana anaitwa shigela. Huyu ni hatari kwa sababu hahitaji jeshi kubwa. Bakteria wasiofika 100 wanatosha kukulaza kitandani. Yaani uchafu usioonekana chini ya ukucha wa mtu mmoja unaweza kuwamaliza wote waliokula naye sinia moja.

Hata ndani ya nyumba ya E. coli wapo walioharibika. Mwaka 1982 huko Marekani watu walianza kuhara damu baada ya kula hambaga, ikagundulika kuna aina yake, inaitwa O157, inayotoa sumu ya kuharibu hata figo. Mwaka 1993 ikarudi kwa kishindo. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafa, chanzo kikiwa nyama ya kusaga ambayo haikuiva. Hapo wapenzi wa kababu tegeni sikio. Kwenye kipande kizima cha nyama, bakteria wengi wako juu, moto unawamaliza haraka. Nyama ikishasagwa, wa juu wanaingizwa katikati, na moto wa kubabua nje hauwafikii.

Kisha sikiliza kisa cha Ujerumani, mwaka 2011. Watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa E. coli mwingine mkorofi. Mwanzoni kidole kikanyooshwa kwa matango ya Hispania. Biashara ya wakulima wa kule ikaporomoka, mboga zikamwagwa. Baadaye upelelezi ukaonyesha mkosaji ni machipukizi ya uwatu, ule ule uwatu tunaoujua, uliooteshwa na kuliwa mbichi. Matango hayakuwa na hatia! Kama nchi yenye maabara za kila aina inaweza kumsingizia tango, wewe mwenye karatasi ya kipimo cha dakika tano unajiamini nini?

HUYU TAIFODI NI NANI HASA?

Waswahili wa zamani waliiita homa ya matumbo, na jina hilo ni zuri kwa sababu linasema ukweli. Mdudu anaingia kwa mdomo, anapenya ukuta wa utumbo, anazama kwenye damu. Mara nyingi zinapita wiki moja mpaka tatu kabla hujasikia chochote. Kwa hiyo ukila chipsi leo mchana na kuumwa leo jioni, kuna kitu umekula, lakini si taifodi ya chipsi zile.

Homa yake haiji kwa pupa. Inapanda kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi, siku baada ya siku, mpaka inakaa juu. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, tumbo linasumbua, wengine wanaharisha na wengine wanafunga choo kabisa. Isipotibiwa, wiki ya tatu hivi utumbo unaweza kutoa damu au kutoboka. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Na cha ajabu, mdudu huyu anaishi kwa binadamu tu. Hana ng'ombe, hana kuku, hana panya. Kila mgonjwa wa taifodi kaipata kutoka kwenye choo cha binadamu mwenzake, kwa njia ya maji, chakula au mkono. Samahani kama unasoma huku unakula, ila ndiyo hali halisi.

Tena wapo wanaopona kabisa, wananawiri, kumbe mdudu kajificha kwenye kifuko cha nyongo na anaendelea kutoka kila wakienda haja. Mfano uliovuma dunia nzima ni wa Mary Mallon, mpishi kutoka Ireland aliyefanya kazi kwenye nyumba za matajiri wa New York. Mwaka 1906, katika nyumba moja yenye watu 11, 6 waliugua taifodi. Mpelelezi George Soper akafuatilia, akagundua kwamba kila mama huyu alikopika, homa ilimfuata. Yeye mwenyewe mzima, anadunda! Mwaka 1907 akakamatwa na kutengwa kisiwani. Mwaka 1910 akaachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 akakutwa jikoni, safari hii kwenye hospitali ya wazazi, watu 25 wakiwa wameugua na 2 wamekufa. Akarudishwa kisiwani na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1938.

Mimi huwa namwonea huruma mama yule. Hakujisikia mgonjwa hata siku moja, na kupika ndiyo ilikuwa riziki yake. Lakini kisa chake kinakufundisha kitu: kumwangalia mama ntilie usoni na kusema "huyu msafi, ana afya" hakutoshi. Angalia kama pana maji tiririka na sabuni pale anaponawia.

KIPIMO CHA MWAKA 1896

Sasa twende pale penye utata. Siku moja nilikuwa na homa ya siku mbili na mafua ya kufa mtu. Nikaingia maabara moja ya mtaani, jina naliweka kapuni. Kijana wa pale mcheshi kweli, kanitoa tone la damu, kalichanganya na tone la dawa juu ya kibao, kakitikisa kitambo kidogo.

"Braza, taifodi hiyo. Tena imepanda."

"Malaria je?"

"Malaria hamna. Ila taifodi ni moja kwa mia na sitini. Sindano tano, tunaanza leo."

Nikamshukuru, nikalipia kipimo, nikaikunja karatasi na kwenda nayo hospitali kubwa. Kule wakachukua damu ya kutosha na kuiotesha, yaani kuiweka kwenye chakula cha bakteria waone nani atachipua. Nikapewa dawa ya kutuliza homa. Siku ya tatu nilikuwa kazini. Siku ya tano nikafuata majibu: hakijaota kitu. Ilikuwa mafua, jamani! Zile sindano tano zingenichoma bure, na yule kijana angesema ndizo zilizoniponya.

Simlaumu sana, maana kipimo chenyewe kina mipaka yake. Kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Mwaka 1896! Wakati huo hata antibiotiki zenyewe zilikuwa hazijazaliwa. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na mdudu. Maji ya damu yako yanachanganywa na bakteria waliouawa, na wakigandana inasemwa "ipo".

Umeona kasoro? Askari hao wanaweza kuwa wa vita ya zamani. Wanaweza kuwa walipigana na binamu wa taifodi, kwa kuwa akina salmonela wanafanana sare. Homa nyingine, malaria ikiwemo, nazo zinaweza kukidanganya kipimo. Kwenye mji ambao watu wengi wameshakutana na ukoo huu kwa njia moja ama nyingine, kipimo kimoja cha Widal kinaweza kumtia hatiani karibu yeyote.

Na hili si porojo la kijiweni. Huko Muheza, mkoani Tanga, watafiti walilinganisha Widal na kuotesha damu kwa watoto waliolazwa, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Katika kila watoto wanne ambao Widal ilisema wana taifodi, ni kama mmoja tu aliyekuwa nayo kweli. Upande wa pili kilifanya vizuri, kwani kikisema huna, mara nyingi kweli huna. Ila nani mjini hapa anaambiwa hana?

Kuotesha damu nako kuna matatizo yake, nisije nikawapamba bure. Kunachukua siku kadhaa, hakupatikani kila mahali, bei yake si ya sigara, na hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10. Ukiwa umeshabugia antibiotiki kabla, hukamata wachache zaidi. Lakini kikiota, kimeota. Unamjua mhusika kwa jina, na maabara inaweza kukwambia dawa gani inamuua na ipi anaidharau.

KUNA NOMA GANI KUMEZA TU?

Najua wapo wanaosema, "Sasa si nimeze tu dozi? Kama ipo itakufa, kama haipo basi." Hapo ndipo penye noma yenyewe, mwana.

Kumbuka ule mji wa tumboni na raia wake wema. Ukimeza antibiotiki bila sababu, unaupiga bomu mji mzima ili kumtafuta mwizi ambaye hayumo. Raia wanakufa, viti vinabaki wazi. Wanaosalia ni wale wachache waliokuwa na ngao ya kuihimili dawa. Hao ndio wanaozaana, na si umesikia mwendo wao wa dakika 20?

Tena ukoo huu una tabia moja mbaya, wanaazimana silaha. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba E. coli na shigela wanapeana usugu wa dawa, kwa kipande kidogo cha vinasaba kinachoitwa plasmidi. Kwa hiyo usugu uliouzalisha kwa E. coli wako mpole, kwa dawa uliyomeza bila kuumwa, unaweza kukabidhiwa jambazi akipita.

Hayo yametokea kweli. Mwishoni mwa mwaka 2016, Hyderabad ya Pakistan, jimbo la Sindh, madaktari walianza kuona taifodi isiyosikia makundi matano ya dawa, zikiwemo zile sindano zilizotegemewa kama ngome ya mwisho. Kwa vidonge ilikuwa imebaki azithromycin. Watafiti walipofungua vinasaba vya mdudu huyo mwaka 2018, wakakuta plasmidi ya aina inayoonekana kwa E. coli. Binamu alikuwa ameazima bunduki kwa binamu.

Na dunia nzima hesabu inatisha. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na aliyeongoza orodha ni E. coli. Klebsiela naye alikuwa humo humo kwenye watatu wa juu. Mtoto njiti anayelazwa leo na klebsiela asiyesikia dawa hakuwahi kula chipsi wala kununua nusu dozi. Deni ni letu, anayelipa ni yeye.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, ukiwa na homa iliyozidi siku tatu, nenda hospitali au kituo cha afya kabla ya kugusa antibiotiki. Muulize daktari kwa heshima: "Dokta, tunaweza kuotesha damu?" Swali hilo halikupotezei kitu. Kama kuotesha hakupo, yeye atapima dalili zako na kuamua, na hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Taifodi ya kweli inatibika vizuri ikiwahiwa.

Pili, akina dada, mkojo usiouma, usiokupeleka msalani kila dakika na usio na homa, usikubali kirahisi kuitwa U.T.I. kwa sababu tu vimeonekana vijidudu viwili vitatu. Kwa watu wengi vijidudu bila dalili havihitaji dawa. Mjamzito ni kesi tofauti, yeye lazima atibiwe hata kama haumwi. Dalili zikiwepo na zikawa zinarudi rudi, omba mkojo uoteshwe. Kunywa maji ya kutosha, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na nenda haja ndogo baada ya yale mambo yetu ya wakubwa.

Tatu, dozi ukiandikiwa, imalize kama ulivyoelekezwa. Usimgawie shemeji vidonge viwili, usiweke akiba ya msimu ujao, usinunue cha mia tano cha kukata homa.

Nne, ukiharisha tu maji, silaha ya kwanza ni maji yenyewe. Nunua chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, au tengeneza: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu kwenye choo, usijitibu hata kidogo. Kuna ile aina ya sumu ya figo ambayo antibiotiki inaweza kuizidisha hatari. Tumbo likikaza ghafla kama ubao, mgonjwa akianza kuweweseka au mkojo ukikauka, kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Tano, mlango wa ukoo huu ni mdomo. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja. Chipsi za moto hazina ugomvi na wewe, mgomvi ni kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo tangu asubuhi. Mishkaki iive mpaka ndani. Maji ya kandoro na barafu ya juisi ya miwa, muulize muuzaji yametoka wapi. Akinuna, umeshapata jibu.

Na sita, chanjo ipo. Kule Blantyre, Malawi, chanjo mpya ya taifodi ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha inazuia takriban wagonjwa 8 kati ya 10. Pakistan ilitangulia kuiingiza kwenye chanjo za taifa mwaka 2019, Malawi ikafuata mwaka 2023, na jirani zetu wa Kenya wakaanza kuwachanja watoto mwaka 2025. Wazazi vijana, mkienda kliniki ulizeni habari zake.

Lakini tusijidanganye kwamba sabuni ya mtu mmoja inatosha. Taifodi ilikimbia London na New York baada ya maji ya bomba kusafishwa na mifereji ya vyoo kujengwa mbali na visima. Sisi tunaokaa uswahilini, ambako mvua ikinyesha choo cha jirani kinafunguliwa kitembee chenyewe, tuna haki ya kudai maji safi na mifereji kwa sauti ile ile tunayodai barabara ya lami. Na jirani anayefungulia choo mvua ikinyesha, aambiwe ukweli bila haya.

Kwa hiyo wiki hii mshikaji wako akikwambia kaambiwa ana taifodi, usimcheke na wala usimpe pole haraka. Muulize maswali mawili tu: walikupima kwa njia gani, na homa ina siku ngapi? Akishindwa kujibu, mshike mkono mwende wote hospitali.